Sauti ya zamani haitoki kwenye kinanda pekee

Mhariri,

Msanii wa pop akitaka albamu yenye ladha ya disko ya ujana wake, miaka ya 1970, hukimbilia Rhodes, kinanda cha umeme cha enzi hizo. Sawa, lakini kasoro ya albamu kama hizo haiko kwenye kinanda. Kompyuta hunyoosha kila pigo la ngoma, wakati muziki ule ulipumua: kiitikio kilikimbia kidogo, besi ikaburuta nyuma ya ngoma. Wapigaji warekodiwe pamoja, chumba kimoja, na makosa madogo yaachwe. Mwishoni sauti isibanwe mno, yaani tofauti ya sauti kubwa na ndogo isifutwe: ngoma hupoteza mshindo. Na wapenda santuri wakumbuke: upande mmoja wa santuri ya albamu ya inchi 12 ukizidi dakika 22 hivi, mifereji husongamana, sauti hulazimika kupunguzwa.

Fundi wa studio