Bashasha haing'oi viti

Ndugu Mhariri,

Miaka 11 nanunua gazeti lako, nasoma, nanyamaza. Leo nimeshindwa. Ile habari yenu ya Jumatatu, ukurasa wa michezo, mashabiki "waliojaa bashasha" wakang'oa viti vya uwanja. Bashasha gani hiyo? Wale walipandwa na jazba, basi.

Bashasha ni ya uso. Tumeitoa kwa Waarabu, na kwao vilevile ni ukunjufu wa uso mtu anapomlaki mwenziwe. Mgeni hajavua viatu, mwenyeji keshasimama, meno nje, "Karibu, karibu, mbona umetutupa hivyo?" Haihitaji vuvuzela. Na yule mjuzi wenu wa safu ya lugha aliyeandika kwamba ni ndugu wa "bashiri" na "bishara" aache kutuchanganya: yale yana r kwenye mzizi, hili lina sh mbili. Kwa hesabu yake hata bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa taarabu, neno la Waajemi lililopitia kwa Waturuki, itakuwa binamu.

Mwezi uliopita nilikwenda ofisi moja kufuatilia pensheni yangu. Ukutani bango kubwa: "Tunakuhudumia kwa bashasha." Chini ya bango binti kainamia simu. Nikangoja shikamoo, haikuja. Nikaanza mimi, mzee mzima: "Hujambo, mwanangu." Akanyoosha mkono. "Fomu." Nikampa. "Kopi ya kitambulisho." Nikampa. "Rudi Alhamisi." Alhamisi nikarudi, mkono uleule, "Fomu." Mhariri, huyo binti kasuka twende kilioni, na mistari yake naweza kukuchorea mmoja mmoja mpaka kisogoni. Uso wake sijauona hadi leo!

Afadhali basi wangeandika hamasa, maana hilo nalo mmeshalimaliza. Kila siku wananchi "wanahamasishwa": kunawa mikono, kulipa kodi, kuhudhuria semina ya kuhamasishana. Neno la ushujaa hilo; Abu Tammam, mshairi wa Kiarabu wa karne ya 9, alikusanya diwani nzima kwa jina hilo, na mlango wa kwanza ni wa vita. Leo hamasa ni chupa ya maji na posho.

Ninachoomba ni kidogo. Mwandishi wako wa michezo na huyo aliyebandika bango wapelekwe kwa dada yangu Pangani, wafike saa saba mchana bila taarifa, wapige hodi, kisha wamtazame usoni. Nauli ya kwenda nitatoa mimi.

Mwalimu mstaafu,
Tanga