Wanaofungua njia za mlimani waanze na maji

Mhariri,

Vikundi vya kujitolea vinavyofungua njia za watembea kwa miguu milimani vinazidi kuongezeka, nasi tunafurahi. Ila siku ya kazi ikifika, karibu nguvu zote huishia kwenye kufyeka nyasi na kupaka alama kwenye miti. Mvua mbili tatu baadaye njia imekuwa korongo, na watembeaji wanapita pembeni wakikanyaga mimea mipya. Tunaomba nafasi tuwakumbushe waandaaji mambo ambayo hayaonekani kwenye picha za kumbukumbu.

Njia nyingi huharibikia kwenye kupimwa. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa ubavu wa kilima inapopita: ubavu ukiwa wa asilimia 30, yaani kupanda mita 30 kwa kila mita 100 za kwenda mbele, njia isivuke 15. Hata ubavu ukiwa mkali zaidi, wastani wa asilimia 10 ndio unaodumu kwenye udongo mwingi. Ukizidisha, maji hayakatizi tena njia kwenda zake bondeni. Yanaifuata njia yenyewe. Kupima hakuhitaji kifaa cha gharama. Kile kipimo cha herufi A wanachotumia wakulima kuchorea kontua kinatosha: miti miwili ya miguu, mmoja wa kukingama, uzi na jiwe. Miguu iachane mita 2. Kisimamishe mahali tambarare, utie alama uzi unapogusa mti uliokingama. Kisha inua mguu mmoja kwa sentimita 20, utie alama ya pili. Hiyo ndiyo asilimia 10. Mkiwa mlimani uzi ukapita alama hiyo, tafuteni mstari mwingine, hata kama watu wameshashika majembe na wananung'unika.

Katika kuchimba, ondoeni majani yaliyooza na mizizi midogo mpaka mfike kwenye udongo wenyewe, kwa kuwa tabaka lile la juu hushika maji na kuwa matope. Upana wote wa njia ukae juu ya ardhi ngumu ambayo haijachimbuliwa. Wengi hukata nusu ya upana ubavuni, nusu ya pili wakaijazia kwa udongo ule ule walioutoa. Jasho linapungua, kweli, lakini ukingo wa kujazia hutitia, na siku moja humeguka na mguu wa mtu ukiwa juu yake. Udongo uliotoka utupwe mbali upande wa chini na kutawanywa.

Sakafu ya njia iinamie upande wa bondeni kwa asilimia 5 hivi. Kwa njia ya upana wa sentimita 60, ukingo wa chini uwe chini ya ule wa juu kwa sentimita 3 tu. Macho hayawezi kuona tofauti hiyo, ila maji yanaijua. Na hapa ndipo matunzo yanapohitajika kuliko popote. Miguu ya watu hushindilia katikati na kusukumia udongo pembeni, na mchanga unaoletwa na mvua unanasa kwenye nyasi za ukingo. Pole pole kinajengeka kituta upande wa bondeni, wakati mwingine hakifiki hata kimo cha kidole. Kinatosha kuyafungia maji ndani. Ukiona mchanga mwembamba umejipanga kwa michirizi inayofuata urefu wa njia, kituta kipo hata kama hujakiona. Kiondoeni kwa jembe na reki kwa urefu wake wote. Kukitoboa tundu hapa na pale hakusaidii, matundu huziba.

Kwenye mteremko mrefu, kinga bora ni kuinyanyua njia kidogo: ishuke, ipande kidogo kwa mwendo wa mita 3 hadi 5, kisha iendelee kushuka. Maji hayapandi, kwa hiyo hutokea pale chini, mradi mmeyaachia mlango mpana. Kinga la gogo au mawe ni dawa ya njia ambayo tayari imekosewa. Likibidi, liwe limelala kwa nyuzi 45 hadi 60 kukatiza njia, likiwa limezikwa sehemu kubwa na kupita kingo zote mbili. Likiwekwa moja kwa moja kukatiza, maji husimama, hutua mchanga, na baada ya mvua chache hupita juu yake. Anayelisafisha asimwage mchanga mlangoni, kosa tunaloliona kila mara.

Kufyeka nako kuna adabu yake. Upana wa mita 1.2 na kimo cha mita 2.4 vinatosha. Vichaka vikatwe usawa wa ardhi, maana visiki vilivyochongoka kwa panga ni mikuki kwa anayeanguka. Tawi likatwe karibu na shina bila kujeruhi ule uvimbe wa shingo yake.

Njia za mkato kwenye kona hazizibwi kwa tawi moja mdomoni. Zijazwe mawe na matawi makavu kwa urefu wote unaoonekana. Vinginevyo mtu ataruka tawi na kuendelea. Bora zaidi, kona iwekwe nyuma ya mwamba au kichaka, asione kipande kinachofuata.

Usalama ni mfupi: mita 3 kati ya mtu na mtu, vifaa vibebwe mkononi upande wa bondeni, kamwe si begani.

Mwisho, mpango wa kazi. Njia ya Appalachian huko Marekani, iliyopendekezwa na Benton MacKaye mwaka 1921 na kukamilika mwaka 1937, ina zaidi ya kilomita 3,500, na hadi leo matunzo yake hutegemea sana watu wa kujitolea, wengi wakiwa na kipande chao maalumu. Hilo linaigika popote. Kila mtu apewe kipande anachoweza kukipita chote kwa siku moja, akisafishe kabla ya mvua, kisha arudi wakati mvua inanyesha, bila radi, aone maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Abebe jembe, reki na msumeno mdogo. Rangi ya alama aiache nyumbani siku hiyo.

Ni sisi wasomaji wako,
Watunza njia wa kujitolea