Mhariri, waambieni watu wachungulie nani yuko kwenye hotspoti yao

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo limenikera na sidhani kama niko peke yangu. Kila mkiandika habari za teknolojia ni kamera ya simu mpya ina megapikseli ngapi, sawa, ila watu wanatembea na hivi vidude vya waifai (hotspoti) mfukoni kila siku na hakuna anayewaambia kidude kina ukurasa wake wa setingi unaoonyesha nani na nani wamejiunga.

Mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo. Bando linaisha kabla ya siku zake, nalaumu mtandao, nanunua lingine, nalo linaisha, nalaumu tena. Siku moja nikasema hebu nichungulie, nikafungua brauza kwenye simu nikaandika zile namba zilizobandikwa chini ya kidude, zinaanza na 192.168, nikaingia nikakuta vifaa sita, na sisi ndani tuko wawili! Simu zetu mbili nilizijua, simu na laptopu ni za mpwa wangu anayekaa nyumba ya pili (na sikumbuki kumruhusu na laptopu), kingine runinga, kingine jina lake ni herufi na namba tu, sijui ni cha nani mpaka leo.

Huyo wa herufi nikambloku. Kesho yake karudi. Nikadhani kidude ni kibovu, kumbe ukibloku unazuia ile anwani ya MAC ya kifaa, yaani namba ya kukitambulisha kwenye waifai, na simu tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020 zinaficha anwani yao halisi na kuonyesha ya kubuni, mtu akibadilisha setingi moja tu anakuja na anwani nyingine na kidude kinampokea kama mgeni mpya. Kwa hiyo msijisumbue na kubloku, badilisheni paswedi ya waifai, wote watoke kwa mpigo, halafu unamwingiza unayemtaka mmoja mmoja.

Na kuna paswedi ya pili ambayo watu wanaisahau, ile ya kuingilia kwenye ukurasa wenyewe wa setingi. Wengi wameiacha ya kiwandani, na vidude vingine ya kiwandani ni neno admin, basi. Maana yake mgeni uliyempa waifai kwa wema wako anaweza kuingia humo akakubloku wewe mwenye mali.

Ila kilichonishtua zaidi ni lokesheni. Baadhi ya hivi vidude vina GPS yake ndani, tofauti kabisa na ya simu, unaweza kuzima lokesheni ya simu ukajiona mjanja kumbe ya kidude inawaka, na vingine vina setingi ya kuwagawia waliojiunga hiyo GPS kupitia waifai, yaani yule wa herufi na namba nisiyemjua angeweza kusoma nilipo! Changu kilikuwa na GPS na hiyo setingi ya kugawa, nikazima vyote viwili siku hiyohiyo, nani ananihitaji hivyo. Hata kama chako hakina GPS, simu za wapita njia zinadaka jina na anwani ya waifai yako na Google wanatumia rekodi hizo kukisia mtu yuko wapi. Ukitaka wasiitumie yako, jina la waifai limalizie na _nomap, hiyo wameiweka wenyewe Google, ila ukishabadilisha jina kila kifaa itabidi ukiunganishe upya.

Runinga nayo ilikuwa inajipakulia masasisho usiku tumelala, kwake waifai ni waifai tu, haijui nyuma yake kuna bando. Nimeitoa. Simu angalau unaweza kuiambia huu mtandao unapimwa, yaani data yake ni ya kuhesabu, na iPhone ina hali ya kupunguza data, ikatulia na mapicha yake.

Sasa Mhariri ombi langu ni dogo, siku moja rukeni kamera mtuwekee nusu ukurasa wenye picha, wapi pa kubonyeza kuona waliojiunga, wapi pa kubadilisha zile paswedi mbili, wapi lokesheni inazimwa. Mwandishi wenu aanze na kidude cha pale ofisini kwenu, ahesabu vifaa, halafu atuandikie alichokikuta.

Mpwa wangu sijampa paswedi mpya. Anasema siku hizi nimebadilika.

Msomaji wenu wa siku nyingi