Barua kwa mwanangu kabla hajavuka Tunduma

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Huku Uyole sote wazima, na mguu wa bibi yako umepata nafuu.

Jana kwenye simu nilisikia sauti yako imeshuka. Kwaya inakwenda Lusaka, wewe huimbi, umekabidhiwa daftari la majina, begi la hati za kusafiria na katoni za maji. Ukasema, "Mama, mimi naenda kubeba mizigo tu." Kabla sijakujibu salio likakata. Usiku kucha neno lile lilinikaa moyoni, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwaka 2009 nilisafiri njia hiyohiyo na kwaya ya kanisa letu, na sikuimba hata ubeti mmoja. Mimi nilikuwa fundi tu. Sare za kitenge cha bluu nilikuwa nimezishona kwa haraka, nyingine hazijakunjwa pindo, mchungaji akaniomba nijitolee kwenda nazo. Nikafunga mkasi, uzi na pasi ya mkaa. Wewe ulikuwa darasa la pili, ukabaki na bibi.

Tunduma unaijua: malori ya shaba yanayoshuka Dar na ya mafuta yanayopanda Zambia na Kongo, yamebanana mpaka basi halipati upenyo. Siku hizi ni nafuu, tangu kifunguliwe kituo cha pamoja mwaka 2019 mnakaguliwa upande mmoja tu. Sisi tulipanga mstari Tunduma, tukaupanga tena Nakonde, upande wa Zambia. Hapo ndipo besi wetu mmoja alipokwama. Kadi yake ya njano ilikuwa na tarehe ya siku tatu nyuma, na chanjo ya homa ya manjano huhesabiwa baada ya siku 10. Hakuna aliyekuwa ameziangalia kadi zile kabla ya safari. Alishushiwa begi lake, mtu mzima yule, akasimama kando ya barabara na sare yangu mkononi, machozi yanamtoka. Mwanangu, fungua hilo begi leo. Soma kadi moja moja, tarehe kwa tarehe.

Ukishatoka Nakonde njia ni ndefu. Mpaka Lusaka ni kilomita kama 1,000, miombo kulia, miombo kushoto, na reli ya Tazara inakufuata, mara uione, mara ipotee. Watu watasinzia. Wewe usisinzie. Kila mnaposimama, fanya hesabu. Wahesabu wakishuka, wahesabu wakipanda.

Sasa nikueleze ya Mpika, mji ule wa Zambia tuliolala njiani, maana hayo sijawahi kukusimulia yote.

Tulifika Ijumaa usiku, tukalazwa kwenye madarasa. Mzee wa kanisa aliyetupokea alikuwa amefanya kazi Tazara, Kiswahili anakijua. Akaniambia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa macho: "Kesho tunaanza saa nane." Nikaitikia, nikawapa wenzangu taarifa, tukalala kwa raha. Asubuhi nikafua vilemba, nikavianika kwenye uzio. Sikuwa na haraka. Saa zetu zilikuwa zimekwenda saa tano na ushee alipokuja kijana kwa baiskeli, anahema, anauliza kama kuna mgonjwa.

Wenzetu kule husoma saa kama ilivyoandikwa kwenye uso wa saa. Nane yao ni saa mbili yetu ya asubuhi. Tena nchi yao iko nyuma yetu kwa saa nzima, kwa hiyo kwa saa zetu walitutarajia saa tatu. Watu walikuwa kanisani tangu wakati huo.

Nilitetemeka. Vilemba vibichi, sare zimekunjamana kwenye masanduku, mkaa sijawasha. Nikamwambia mwalimu wa kwaya kosa ni langu, sikuuliza mara ya pili. Hakunijibu, akapandisha watu kwenye basi. Tulipokaribia tukasikia kuimba. Hawakuondoka hata mmoja. Walikuwa wanaimba bila kinanda, kwa Kibemba, wimbo ambao sisi tunauimba kwa Kiswahili, sauti nne zimesimama sawasawa. Wanakwaya wetu waliteremka wakiuitikia kwa maneno yetu, na nguo zao za safari zenye vumbi, wakaingia hivyohivyo.

Mimi nilibaki nyuma ya kanisa na lundo la sare. Wakaja akina mama watatu, hatuelewani lugha. Mmoja akazipokea sare mikononi mwangu, mwingine akaleta makaa kutoka jikoni walikokuwa wakisonga ubwali, ugali wao. Tukazipiga pasi juu ya benchi, mimi namalizia mapindo kwa sindano, wao wananipokeza. Sare ya mwisho ilipoingia ndani, mama yule wa makaa akashika kidole changu kilichochomwa, akakipuliza. Nikajua kusema "natotela mukwai", asante, kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Baadaye walitupa chikanda, kipande chekundu kama mkate, kimepikwa kwa karanga. Nikauliza kinatokana na nini, kumbe ni viazi vya okidi, yale maua ya porini, vingi vinachimbwa huku kwetu Nyanda za Juu na kuvushwa Tunduma. Nimeishi karibu na Kitulo, hifadhi ya maua, miaka yote sikujua.

Basi, mwanangu, ukiambiwa muda huko, mwonyeshe mtu uso wa saa yako, aweke kidole. Usione haya kuuliza mara tatu.

Katika begi nililompa dereva nimekuwekea sindano mbili, uzi wa bluu na mweupe, na kitambaa kilichobaki cha sare ile. Mkilala Mpika, ulizia akina mama wa jikoni. Kama yupo anayekumbuka vilemba vilivyoanikwa kwenye uzio wa shule, mpe kitambaa hicho, mwambie kimetoka kwangu.

Mama yako