Kwa shangazi yangu wa Ujiji, kuhusu moyo unaokwenda mbio

Shangazi, shikamoo.

Barua hii naiandika hadharani kwa sababu Ujiji, Mwanga na Kibirizi wapo wengi wenye hali kama yako, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Jina lako sitalitaja.

Umepima malaria, hakuna. Presha iko sawa. Kipimo cha umeme wa moyo kimetoka safi. Hata hivyo moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, na saa nane usiku usingizi unakatika. Majirani wamesema ni jini, wengine vidonda vya tumbo, na mmoja amethubutu kusema unajifanya. Hujifanyi. Unayoyaeleza yanafanana sana na ugonjwa wa wasiwasi, ile aina inayokuja kwa mashambulio ya hofu ya ghafla, na ugonjwa huo unatibika.

Kuhusu wingi wake: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 359 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi. Ni kama asilimia 4.4 ya watu wote. Chukua behewa la treni lenye abiria 70 linalotoka Kigoma kwenda Tabora: kwa wastani huo, watatu humo wanayo. Hakuna ugonjwa wa akili unaowapata watu wengi zaidi ya huu, hata sonona haiufikii. Wanawake huugua zaidi ya wanaume. Linaloniuma ni kwamba wanaopata tiba yoyote ni kama mmoja tu katika wanne.

Chanzo hakiwi kimoja. Kuna kurithi: tafiti za mapacha zinaonyesha kuwa kati ya asilimia 30 na 50 ya tofauti baina ya watu hutokana na damu ya ukoo. Kinachorithiwa ni mwili mwepesi kushtuka, na wengi wenye mwili huo hawaugui kamwe. Kuna mateso ya utotoni, kufiwa, kipigo ndani ya ndoa, vita. Ndiyo maana hali hii ni nyingi zaidi kwa watu waliokimbia makwao, kama wale wa kambi ya Nyarugusu. Halafu kuna mzigo wa maisha wa muda mrefu, na hapa nakufikiria wewe. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, dagaa wa kuuza hawakuwepo, lakini marejesho ya mkopo wa kausha damu yalidaiwa kila wiki. Mwili uliokaa miezi ukisubiri mtu wa kudai abishe hodi hauzimi tahadhari siku deni linapoisha.

Juu ya hayo kuna vitu vidogo vinavyochochea. Kuamka usiku wa manane kuwahi mitumbwi kunakukosesha usingizi, na usingizi mchache peke yake huongeza hofu kesho yake. Kahawa kali vikombe vitatu vinne kwa siku huharakisha moyo; punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, kwa sababu ukiacha ghafla utaumwa kichwa na kudhani ugonjwa umezidi. Pombe hutuliza kwa saa chache kisha wasiwasi unarudi na nguvu zaidi inapotoka mwilini. Mirungi ni mibaya kwa hali hii kupita vyote hivyo.

Sasa sikiliza jinsi shambulio linavyojijenga, kwa sababu ukilielewa limepungua nusu. Moyo unaruka kidogo, labda kwa joto au njaa. Wewe unawaza, "nakufa." Wazo hilo linamwaga adrenalini, moyo unazidi kasi, unaanza kuhema haraka. Kuhema haraka kunatoa hewa ya kaboni nyingi kupita kiasi, na upungufu huo ndio unaoleta ganzi ya vidole na midomo, kizunguzungu na kuhisi hewa haitoshi, ingawa oksijeni unayo tele. Unaona dalili mpya, unaogopa zaidi. Kwa kawaida kilele hufika ndani ya dakika kumi, kisha mwili unashuka wenyewe. Ni mbwa wa ulinzi anayembwekea kila mpita njia: mbwa ni mzima, ila hajui tena nani mwizi.

Zoezi la pumzi ni hili. Kaa, mkono mmoja tumboni. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lipande, kifua kitulie. Toa polepole ukihesabu hadi sita. Hiyo ni kama pumzi sita kwa dakika. Fanya dakika tano, asubuhi na jioni, siku ambazo huna hofu yoyote. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwa za kujaza kifua, jambo linaloongeza ganzi, au kwa kungoja shambulio lije ndipo wajaribu kwa mara ya kwanza.

Lakini pumzi si dawa yenyewe. Kinacholisha ugonjwa huu ni kukwepa. Tangu uliposhikwa ukiwa mwalo wa Kibirizi hujarudi. Unamtuma mtu, faida inapungua, na kila siku unayokaa nyumbani akili inajifunza kwamba umepona kifo kwa kutokwenda. Inabidi uifundishe kinyume, kwa ngazi. Andika ngazi sita au saba kwenye daftari, kila moja uipe alama ya hofu kuanzia 0 hadi 10, uanzie kwenye alama tatu au nne. Kwako zinaweza kuwa: kupanda bajaji na binti yako hadi karibu na mwalo na kurudi, kushuka na kusimama pembeni naye, kusimama pale peke yako yeye akiwa mbali, kuingia wakati wanunuzi wachache, kununua ndoo moja, mwisho, kuingia asubuhi penye msongamano, peke yako. Kila ngazi, kaa hadi hofu ishuke angalau nusu. Huchukua kama dakika 20 hadi 45. Ukikimbia ikiwa kileleni, umeilisha. Rudia ngazi hiyohiyo siku kadhaa kwa wiki mpaka ikuchoshe, ndipo upande. Na zile kinga ndogo, simu mkononi tayari kupiga, kushika mkono wa mtu, ziondoe kidogo kidogo, la sivyo akili itasema zenyewe ndizo zilizokuokoa.

Kabla ya yote, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni, uulizie kliniki ya afya ya akili. Kwa mtu wa umri wako ambaye hali imeanza ukubwani, daktari mzuri hutafuta kwanza mwilini: omba wapime wingi wa damu, sukari na tezi ya shingo, maana tezi inayofanya kazi kupita kiasi huiga dalili hizi zote. Mweleze kama hedhi inakaribia kukoma na unapata joto la ghafla. Mpelekee dawa zote unazotumia, hata ile ya kupuliza ya pumu, kwa sababu nayo huharakisha moyo. Na maumivu ya kifua yakija ukitembea au ukibeba mzigo, yakaenda taya au mkono, au ukazimia, usisubiri kliniki, kimbilia hospitali saa ileile.

Ukiandikiwa dawa kama fluoxetini, ujue haifanyi kazi siku hiyo wala kesho. Huchukua wiki mbili hadi sita, na wiki ya kwanza inaweza kuongeza kichefuchefu na wasiwasi kidogo. Wengi huiacha hapo, wiki chache kabla ya nafuu. Ukipata nafuu utaendelea miezi 6 hadi 12, kisha daktari ataipunguza polepole. Usichanganye na tramadoli, ile dawa ya maumivu, bila kumwambia. Diazepamu ya kununua dukani usiianze kabisa. Inatuliza usiku huo, lakini ndani ya wiki chache mwili unaizoea, na kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege.

Kisomo na dua endelea navyo, vinakupa utulivu na watu wa kukaa nawe. Anayekwambia utupe dawa za hospitali, au anayedai mbuzi wa tatu, huyo achana naye. Na likikujia wazo la kutaka kufa, mwambie binti yako siku hiyohiyo na mwende Maweni pamoja, hata iwe usiku.

Barua hii mpe binti yako aisome yote, hasa pale kwenye ngazi, kwa kuwa yeye ndiye wa kukusindikiza. Mwambie kazi yake si kukuambia "tulia." Akae karibu, ahesabu pumzi nawe, asikurudishe nyumbani mapema.