Vidonge vya naftalini visikae na nguo za watoto wachanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu, hasa wa sehemu za baridi kama huku kwetu Njombe, ambako masweta ya sufu, makoti ya mtumba na mablanketi mazito hukaa kabatini miezi mingi yakisubiri Juni. Nataka kuzungumzia vile vidonge vyeupe vya naftalini tunavyovitia katikati ya nguo ili kufukuza nondo.

Nilivitumia kwa miaka. Siku moja, niliposogeza kochi ili nifagie, nilikuta zulia langu la sufu limenyonyoka kipande cha ukubwa wa kiganja, na pembeni pana nyuzi nyeupe kama utando wa buibui pamoja na punje mithili ya mchanga, nyekundu vilevile kama zulia. Punje hizo ni kinyesi cha viwavi, ambacho huchukua rangi ya sufu waliyoila. Nondo wanaozunguka taa usiku, ambao nilikuwa nikiwaua kwa kandambili, hawahusiki kabisa. Nondo wa nguo ni mdogo, hafiki sentimita moja, ana rangi ya dhahabu iliyofifia, naye hukimbia mwanga. Tena yeye mwenyewe hali kitu. Anayekula ni kiwavi wake, na chakula chake ni sufu, manyoya na hariri, hasa vikiwa na jasho au madoa ya chakula.

Kwa hiyo silaha ya kwanza ni usafi. Nguo ifuliwe kabla ya kuhifadhiwa, ianikwe juani, ikung'utwe na kupigwa brashi kwenye kola, mifuko na mishono, kwa kuwa brashi husaidia kuondoa mayai. Zulia ligeuzwe, lifagiliwe pembezoni na chini ya makochi, na vumbi litupwe nje siku hiyohiyo. Mwenye friza anaweza kuifunga sweta ndani ya mfuko wa plastiki na kuiacha humo kwa wiki mbili katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Baada ya hapo nguo safi ikifungwa vizuri kwenye mfuko usiopitisha hewa, nondo hana pa kuingilia. Majani ya mwarobaini na karafuu hunukia vizuri, lakini tusiyategemee kuua viwavi waliokwisha kuingia.

Naftalini huua pale tu mvuke wake unapojaa ndani ya chombo kilichozibwa barabara. Kabati la mbao lenye nyufa, lililo chumbani tunamolala, haliwezi kuuzuia mvuke huo, hivyo tunaouvuta ni sisi. Kinachoniumiza zaidi ni desturi yetu ya kumtunzia mdogo nguo na shali za kaka yake pamoja na vidonge hivyo, kisha kumfunika nazo siku anapozaliwa. Katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria, yakiwemo ya Afrika Mashariki, watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivuta au kugusa naftalini, chembe nyekundu za damu yake huweza kuvunjika, akapata upungufu wa damu na manjano kali inayoweza kudhuru ubongo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uuzaji wa vidonge hivi mwaka 2008. Huku kwetu nimevikuta sokoni ndani ya vifuko visivyo na maandishi yoyote, vikifanana na peremende machoni pa mtoto.

Naomba wahusika wa viwango wadai kila kifuko kiwe na onyo kwa Kiswahili. Na mama aliyekwisha kuvichanganya na nguo za mtoto avitoe leo, azifue nguo zote na kuzianika siku kadhaa hadi harufu iishe kabisa. Ikiwa mtoto amekwisha kuvishwa nguo hizo, na macho au ngozi yake imegeuka njano, ampeleke hospitali mara moja na amweleze daktari kuhusu vidonge hivyo.

Msomaji wako,
Njombe