Shoga, nimemwona Vasco da Gama

Lisbon, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitoa roho. Natumai mama na watoto hawajambo. Kimya changu tutakigombania nikirudi. Leo nina shida na wewe, na ni shida ya ualimu wako.

Hapa chuoni kila mmoja ametakiwa aeleze habari za kwao kwa picha, dakika kumi. Nilishapanga niwape pweza na minazi, wapige makofi, nikae. Jana nikaenda Praça do Comércio, mpango wote ukaharibika.

Uwanja wenyewe usipime. Pande tatu majengo ya manjano, chini yake baraza ndefu za matao. Upande wa nne mto Tejo, na ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Wenyeji bado wanauita Terreiro do Paço, kiwanja cha kasri, maana kasri la mfalme lilikuwa hapo hadi tarehe 1 Novemba 1755. Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wako makanisani, ardhi ikatetemeka, bahari ikapanda mtoni, kilichobaki kikaliwa na moto. Siku hizi katikati yuko mfalme José juu ya farasi anayekanyaga nyoka. Njiwa hawamheshimu hata kidogo.

Lakini shida yangu iko juu ya lile tao kubwa la kuingilia mjini. Nainua macho, nani yuko pale? Vasco da Gama! Yule yule nahodha Mreno tuliyekaririshwa 1498 yake ya kufika pwani yetu mpaka tukaiota. Na juu kabisa pana maandishi ya Kilatini: fadhila za waliotangulia, ziwe somo kwa wote. Somo! Nikacheka peke yangu, mtalii mmoja akasogea pembeni.

Somo la kwetu unalijua. Mwaka 1502 kaja Kilwa na merikebu za mizinga, akamtisha mtawala wetu Amiri Ibrahim mpaka akalipa dhahabu. Basi dhahabu ile ipo, Zuhura. Mfalme Manuel wa Ureno aliitengenezea chombo cha kanisani, kile cha kuonyeshea hostia, ule mkate mtakatifu (Modesta atakueleza vizuri), kikamalizika 1506, na kwenye kitako kimeandikwa kwamba ni dhahabu ya kodi ya Kilwa. Kwa herufi zao wenyewe! Kimo sentimita 73, kiko ndani ya kioo Museu Nacional de Arte Antiga, si mbali na ule uwanja. Nimekitazama mpaka mlinzi akaanza kunitazama mimi. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti, wadogo wadogo, kila mmoja na sura yake. Nilitaka nikichukie nikashindwa, na hilo ndilo linaloniudhi.

Halafu, subiri, uwanja huo huo, 25 Aprili 1974, ndipo Kapteni Salgueiro Maia aliposimamisha magari yake ya kivita asubuhi. Hadi jioni serikali ya Ureno iliyokuwa ikipigana na FRELIMO kule Msumbiji chali. Mwambie Mjomba Saidi nimepaona. Na zile stori zake za kambi ya FRELIMO Nachingwea, atadai aliiangusha yeye.

Narudi kwenye dhahabu. Niwaambie au ninyamaze? Hawa Wareno ninaosoma nao ni watu wema, mmoja hunigawia vile vikeki vyao vya krimu kila Ijumaa. Lakini nikiitaja Kilwa nikaishia kwenye pweza, nitakuwa… basi, unanielewa.

Kwa hiyo nakuomba uvuke Kilwa Kisiwani unipigie picha za Gereza, ile ngome ya kale, kwa upande wa bahari, jua likiwa nyuma yako, si kama zile za harusi ya Rehema. Husuni Kubwa, kwenye magofu ya kasri la sultani, nataka lile bwawa la pembe nane. Nauli ya mashua nitakutumia. Sasa ni shilingi ngapi? Wanafunzi wako wanakijua hiki chombo, au kitabu chao kinasema Wareno walikuja, wakaondoka, kengele ikalia? Ungekuwa wewe, ungeanza na dhahabu au ungemalizia nayo? Hivi wakiniuliza tunataka irudi, nijibu nini? Na lile suala la posa limefikia wapi, au nisiulize?

Zamu yangu ni Alhamisi, fanya hima.

Wako,
Mwanaidi